Uulize Upinde Wako Kwanza: Mazungumzo Kuhusu Manyoya ya Mshale

Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi asubuhi na wapiga upinde wa Pwani kabla ya mazoezi. Nimeyaandika yote kwa ajili ya ndugu waliokosa kufika.

Asalaam alaikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, shikamooni. Wazazi mlioleta watoto, karibuni, viti vya kivulini ni vyenu.

Sisi watu wa Pwani hatuwezi kuzungumza habari ya upinde tukamwacha Fumo Liyongo. Mnakikumbuka kisa cha makoma, yale matunda ya mkoma? Walipatana wale kikoa, kila mtu kwa zamu yake apande mkoma awaangulie wenzake, na njama yenyewe ilikuwa Liyongo akifika juu wamfume huko huko. Zamu yake ilipofika hakupanda. Alisimama chini, akatia mshale ugweni, akayaangua makoma kwa mishale. Bibi yangu alipofika hapo mimi nilikuwa nikimkatiza: "Bibi, mishale yake ilikuwa na manyoya gani?" Bibi hakuwa na jibu, alikuwa akinisukuma kichwa na kuendelea na hadithi.

Miaka imepita, na swali hilo sasa naulizwa mimi. Kila wiki, kila siku ya mazoezi: kocha, ninunue manyoya gani? Ya bata mzinga au ya plastiki? Marefu au mafupi? Yaliyonyooka au yaliyopindwa?

Na kila wiki mimi huanza kwa kuuliza. Upinde wako ni upi? Mshale wako ukitoka unapita wapi? Unagusa nini njiani? Unakwenda mita ngapi? Unaachia ugwe kwa vidole au kwa kifyatulio, kile kifaa cha mkononi kinachoshika na kuachilia ugwe? Ndugu zangu, mtu asiyeweza kuyajibu maswali haya asiende dukani bado. Atachagua kwa rangi. Wengi wetu hapa tumechagua kwa rangi.

Tuanze na kazi yenyewe ya manyoya. Yanafanya nini kule nyuma?

Mshale hautoki kwenye upinde umenyooka kama unavyouona mkononi. Ugwe unausukuma kutoka nyuma kwa nguvu za ghafla, kigumba cha mbele ni kizito hakitaki kuondoka haraka, basi wano, yaani mti wenyewe wa mshale, linajikunja. Linapinda upande huu, linarudi, linapinda upande wa pili, na huku linasonga mbele. Mkitazama picha za video zilizopunguzwa mwendo, mtaona mshale unaogelea kama samaki mkunga. Sasa mkia ukitoka nje ya mstari, hewa inayakamata manyoya na kuyarudisha nyuma ya kigumba. Mkia ukienda kushoto, unarudishwa. Ukienda juu, unarudishwa. Na kama manyoya yamewekwa kwa mshazari kidogo, mshale unazunguka, na ule mzunguko unagawa kasoro ndogo ndogo pande zote, usielemee upande mmoja.

Hiyo ndiyo kazi yake. Kurudisha mkia kwenye mstari. Na kila kitu kinachoukamata mkia kinaupunguzia mshale mwendo, kwa sababu hewa ile ile inayonyoosha ndiyo inayozuia. Unyoya mkubwa unanyoosha upesi na unazuia sana. Unyoya mdogo unanyoosha polepole na unazuia kidogo. Mambo yote mengine nitakayosema leo yanatoka hapo.

Nilipata bahati ya kwenda Ziwa Eyasi, Tanzania, kuwaona Wahadzabe wakitengeneza mishale. Nilikaa chini karibu na mzee mmoja tangu asubuhi. Mimi nilikwenda kutazama manyoya, nikajua ndipo penye siri. Yule mzee alichukua kijiti, akakimenya ganda, akakipasha kwenye moto, akakiuma kwa meno na kukipinda kidogo. Akakiinua jichoni, akatazama kwa jicho moja. Akakirudisha motoni. Akauma tena, karibu na ncha. Akatazama. Muda mwingi wa asubuhi ile ulikwisha hivyo, kijiti na meno, kijiti na jicho. Manyoya yalikuja baadaye, yakafungwa kwa kano ya mnyama iliyolowekwa mdomoni, na hayo yalimchukua muda mfupi tu.

Mmeona alipoutumia muda wake? Kwenye wano. Kwanza wano, manyoya baadaye. Mshale uliopinda, au uliokuwa laini mno kwa nguvu ya upinde wako, au mgumu mno, hauponywi na manyoya. Manyoya yanaficha ugonjwa, na ugonjwa uliofichwa unakua.

Nakuja sasa kwenye swali la kwanza la kuuliza upinde: mshale unagusa nini ukitoka?

Kuna kijana alitujia hapa na upinde wa mbao aliouchonga mwenyewe, upinde mzuri kweli kweli, mtamu mkononi. Hauna kiegemeo, mshale unakaa juu ya ngumi yake na ubavu wa mbao. Alikuwa ameona kwenye simu mishale ya mabawa ya plastiki ya manjano, akanunua sita. Mita 15 tu, mishale inakwenda huku na huku kama kuku aliyefukuzwa. Akabadilisha namna ya kusimama. Akabadilisha namna ya kushika. Wiki tatu anajilaumu mkono, mpaka alianza kuwaambia wenzake kwamba mchezo huu haumfai.

Nilimwambia: lete poda ya mtoto. Tukapaka poda kwenye mabawa yote matatu ya mshale mmoja, tukaupaka na ubavu wa upinde wino wa kalamu nyeusi. Akapiga mshale mmoja. Tukauchomoa tukautazama kivulini. Bawa la chini lilikuwa limepanguka poda, mstari mwembamba kuanzia katikati hadi nyuma, na kwenye ukingo wake kuna alama nyeusi kama kucha iliyochafuka wino. Bawa lile linapita pale, linajigonga kwenye mbao, na kwa kuwa plastiki ni ngumu haikunjiki, inausukuma mkia mzima pembeni. Mkono wa yule kijana haukuwa na kosa lolote.

Tulitoa plastiki, tukabandika manyoya ya bata mzinga. Unyoya ukigonga mbao unalala, ukishapita unasimama tena. Siku ile ile mishale ilianza kukaa pamoja.

Kwa hiyo sikilizeni. Kama mshale wako unapita juu ya mbao, juu ya ngozi, juu ya ngumi, tumia manyoya ya ndege. Usibishane na jambo hili. Kama upinde wako ni rikavu ya mashindano, yaani ule wenye ncha zilizojikunja kuelekea mbele, yenye kiegemeo chembamba cha waya na kitufe cha springi ubavuni, mshale unapita bila kugusa kitu, plastiki inakufaa. Kama una kompaundi, yaani upinde wa magurudumu na kebo, yenye kiegemeo kinachoanguka chenyewe mshale ukiondoka, hapo hakuna cha kugonga kabisa, weka unachotaka. Hata hivyo, poda pakeni. Kiegemeo kinachotakiwa kuanguka huwa wakati mwingine kinachelewa, na poda itakwambia kabla ya mashindano kukwambia.

Manyoya ya ndege yana faida nyingine ambayo watu huisahau, nayo ni uzito. Kwa ukubwa ule ule, bawa la plastiki linaweza kuwa zito mara mbili au tatu kuliko unyoya. Mtasema gramu moja ni nini? Gramu moja kwenye mkia wa mshale ni kubwa. Inapunguza uzito wa mbele ukilinganisha na nyuma, na kigumba ndicho kinachotakiwa kuongoza. Tena inalifanya wano lijikunje kama lililo gumu zaidi kidogo. Mtu anabadilisha manyoya akidhani amebadilisha pambo, kumbe amebadilisha mshale.

Ubaya wa manyoya nao msiufiche. Maji. Masika ikinyesha unyoya unalowa, unajikunja, unalala kwenye wano kama kuku aliyenyeshewa, na mshale unabaki bila mkia. Plastiki haijali mvua. Mkiwa na upinde wa mbao na wingu limetanda, chukueni mishale michache zaidi na kitambaa kikavu, na podo lifunikwe.

Swali la pili: unaachia kwa nini? Vidole au kifyatulio?

Ukiachia kwa vidole, ugwe hauondoki moja kwa moja. Unateleza kuzunguka ncha za vidole, kwa hiyo unasukumwa pembeni kidogo, na mshale unapinda kushoto na kulia. Ukitumia kifyatulio cha kompaundi, ugwe unaachwa mahali pamoja, mshale unapinda zaidi juu na chini, na kidogo tu. Ndiyo maana mwenye kompaundi anaweza kwenda na mabawa mafupi ya plastiki, magumu, ya inchi mbili hivi, akapiga mita 50 vizuri sana. Mwenye vidole anahitaji msaada zaidi nyuma. Wenzetu wa rikavu duniani wamependa mabawa yale membamba yaliyojikunja kama ganda la kitunguu, mepesi mno, yanayokamata hewa na kuuzungusha mshale upesi. Si kwa urembo. Yanatoa msaada mwingi kwa uzito kidogo.

Lakini msaada kiasi gani? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi ya pengine popote.

Kuna binti mmoja wetu, leo hayupo, yuko shule, ameniruhusu nisimulie. Alikuwa na rikavu ya pauni 26, ndiyo nguvu ya kuuvuta. Mtu alimuuzia mishale yenye manyoya makubwa ya inchi tano, yamepindwa kama skrubu. Mita 18 anapiga vizuri ajabu, mishale yote kwenye manjano ya katikati ya shabaha. Wazazi wakafurahi, mimi nikafurahi. Tukamsogeza mita 30. Mishale ikaanza kutawanyika. Mita 40, maafa. Analia, na mimi naye nakosa neno.

Nikachukua mishale yake miwili, nikayatoa manyoya yote. Mtupu kabisa. Nikamrudisha mita 18, nikamwambia piga mitatu yenye manyoya na miwili mitupu, kwa mkono ule ule, bila kufikiri. Ile yenye manyoya ilikaa katikati. Ile mitupu ilikwenda kulia, karibu kutoka kwenye karatasi, na ilichoma kwa ubavu, mkia umeelekea kushoto. Yeye anapiga kwa mkono wa kulia. Mshale mtupu ukienda kulia kwa mtu wa mkono wa kulia, wano ni laini mno kwa upinde ule. Laini mno! Yale manyoya makubwa yalikuwa yakiukokota mkia kwa nguvu na kuunyoosha ndani ya mita chache, tukaona kila kitu ni salama. Mita 18 yaliweza kuficha. Mita 40 mwendo ulikuwa umekwisha, kwa sababu kazi yote ile ya kukokota ililipwa kwa mwendo.

Nani alikosea? Ni mimi. Mimi ndiye niliyetakiwa kumpa mshale mtupu siku ya kwanza. Tangu siku ile, hakuna mtu hapa anayechagua manyoya kabla ya kupiga mshale mtupu. Mtupu ukienda kushoto, wano ni gumu. Ukienda kulia, ni laini. Ukichoma juu ya wenzake, mahali unapokaa mshale kwenye ugwe pamekuwa chini mno, papandishe. Ukichoma chini, pashushe. Wa mkono wa kushoto geuzeni kushoto na kulia, juu na chini vinabaki vile vile. Rekebisheni hayo kwanza. Mshale mtupu ukikaa karibu na wenye manyoya, ndipo mchague manyoya, na mtashangaa jinsi madogo yanavyotosha.

Yule binti alipata mawano magumu zaidi na mabawa madogo. Amepiga mita 50 mwezi uliopita, na mishale yake yote ilikuwa kwenye karatasi.

Swali la tatu, na hili ni letu hasa sisi tunaopigia kando ya bahari: upepo.

Mashindano ya rikavu nje ni mita 70. Karatasi ina upana wa sentimita 122, na duara la kumi ni sentimita 12.2, karibu upana wa kisahani cha chai. Ni umbali huo huo aliopiga Shehzana Anwar kule Rio mwaka 2016, mwaka ambao bendera ya Kenya ilibebwa na mpiga upinde. Mita 70 mshale unakaa hewani sekunde moja na kitu. Mtasema ni muda mfupi. Jamani, kusi ikivuma mwezi wa saba, sekunde moja ni ndefu.

Nilipiga shindano moja hapa hapa Pwani, mchana, kusi imekaza, makuti ya minazi yote yameelekea upande mmoja. Nilikuwa nimefanya mazoezi majuma mengi ndani ya ukumbi kwa mishale minene yenye manyoya makubwa. Ukumbini mita 18 hakuna upepo, manyoya makubwa ni neema, na mshale mnene unagusa mstari wa duara la pointi za juu ambao mwembamba ungeukosa. Sheria inaruhusu wano hadi milimita 9.3, na watu hulitumia wano hilo lote. Basi mimi nikaipenda ile mishale, nikaichukua nje. Mshale wa kwanza nililenga katikati. Niliutafuta kwa darubini kwenye karatasi sikuuona. Ulikuwa umepita pembeni kabisa. Yale manyoya makubwa yalikuwa tanga. Jahazi bila tanga haliendi, na mshale wenye tanga unakwenda unakopelekwa na upepo.

Jirani yangu kwenye mstari alikuwa na mishale myembamba, kigumba kizito, vibawa vidogo vya urefu wa sentimita nne na nusu hivi. Upepo ulimsukuma naye pia, lakini kidogo na kwa kiasi kile kile kila mara, akasogeza shabaha yake kushoto akaendelea kukusanya pointi.

Kwa hiyo ndani, makubwa. Nje, madogo kadiri upinde wako unavyoruhusu. Nasema kadiri upinde wako unavyoruhusu, kwa sababu mtoto wa pauni 20 anayepiga mita 20 mshale wake unakwenda polepole, na kibawa kidogo sana hakina hewa ya kutosha ya kukamata. Wazazi, msiwanunulie watoto vibawa vya mabingwa. Mpe mtoto unyoya wa inchi tatu au nne, anyooshewe mshale wake afurahi.

Yapo na manyoya makubwa kupita kiasi, yasiyokatwa, yamezungushwa wano lote kama brashi ya kufagilia chupa. Hayo ni ya kupigia juu, mshale uende kasi mwanzo kisha ukwame hewani usipotelee mbali. Kila nikiyaona humkumbuka Liyongo na mkoma wake. Na mabawa ya vigumba vya kuwindia sitayazungumzia, maana Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na hapa tunapiga karatasi.

La mwisho ni la mikononi, na nitalipitia upesi kwa sababu mtalifanya wenyewe sasa hivi.

Unyoya unatoka bawa la kulia au la kushoto la ndege, na kila upande umejikunja kivyake. Mishale yako yote iwe ya upande mmoja. Wa kulia unauzungusha mshale kwa kufuata mwendo wa saa ukiutazama kutoka nyuma, wa kushoto kinyume chake. Upande wowote ni mzuri, kuchanganya ndiko kubaya. Mwenzetu mmoja alikuwa na mshale wa tano ambao siku zote ulianguka chini kushoto. Tuliutazama juani na chini ya taa, noki, yaani kile kijipengo cha mkiani kinachoshika ugwe, nzima, wano limenyooka. Mwishowe mwanawe mdogo ndiye aliyeona: manyoya mawili yamejikunja huku, la tatu limejikunja kule. Lilitoka kwenye pakiti nyingine. Andikeni namba kwenye mishale yenu, ndugu zangu. Bila namba asingejua kwamba ni mshale wa tano kila mara.

Futeni wano kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, na mkishafuta msilishike tena pale, mafuta ya kidole yanatosha kubandua bawa. Acheni sentimita mbili na nusu hadi tatu kutoka noki, vidole visiguse. Gundi tone dogo, halafu tone jingine mbele na nyuma ya kila unyoya, maana hapo ndipo unapoanzia kung'oka. Bawa moja lenye rangi tofauti na mengine mawili litazame mbali na upinde kama unatumia mbao. Kwa rikavu yenye kitufe, zungusheni noki kidogo kidogo, mkipaka poda kila mara, mpaka poda ibaki nzima.

Poda iko pale mezani, makopo mawili. Jigi, vile vifaa vya kushikia mshale wakati wa kubandika manyoya, ziko tatu, kwa hiyo mtapokezana. Wenye pinde za mbao kaeni upande wa mwembe, wa rikavu karibu na ukuta. Na kila mtu atoe mshale mmoja sasa hivi, aunyoe. Tunaanzia mita 18, mtupu mtupu.